Siki ilivyoniponza darasani

Mwaka wa kwanza nilipofundisha mada ya bahari inavyoongezeka asidi na joto, nilitumbukiza gamba la konokono wa baharini kwenye gilasi ya siki. Vipovu vikaanza kupanda papo hapo, wanafunzi wakashangilia, nami nikajiona bingwa. Kesho yake gamba lilikuwa limelegea, ukilibonyeza linavunjika kama biskuti iliyolowa. Ndipo msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, tukiogelea baharini tutaungua?"

Nikajua nimeharibu. Maji ya bahari si asidi. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ni kama 8.1, bado yako upande wa besi, kinyume cha asidi. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa karibu 8.2. Tofauti ni kiduchu kwa macho, ila kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, hivyo ioni za haidrojeni, chembe zinazoleta asidi, zimeongezeka kwa takriban asilimia 30.

Mwaka uliofuata siki niliiacha kabatini. Nilidondosha kiashiria cha buluu, rangi inayobadilika asidi ikiongezeka, kwenye maji, nikampa mwanafunzi mrija apulize taratibu. Darasa kimya. Maji yakageuka kijani, kisha njano, kwa pumzi tu. Hewa ukaa ya pumzi ndiyo iliyoyatia maji asidi, na bahari imefyonza karibu robo ya ile tunayoizalisha wanadamu.

Kaboneti, malighafi ya magamba, ndiyo iliyonitoa jasho. Mwishowe nikasema: chukulieni fundi anajenga ukuta, na kila akikoroga saruji kuna mtu anaichota. Mchotaji ni haidrojeni. Huinasa kaboneti ambayo chaza na matumbawe wanaihitaji. Ukuta hauyeyuki leo. Fundi ndiye anayechoka, na nguvu za kukua zinaishia kwenye ujenzi. Chaza wachanga huumia zaidi, maana gamba la kwanza hulijenga ndani ya siku mbili hivi za mwanzo.

Joto halikunisumbua. Nilifungua soda mbili, moja ya baridi, nyingine iliyoshinda juani. Ya juani ilinilowesha shati! Maji yakipata joto hayashiki gesi vizuri, na oksijeni wanayovuta samaki ni gesi pia.

"Si wahame?" akasema mmoja. Samaki wengi wanahama kweli, kufuata ubaridi. Matumbawe yamekwama palepale. Joto likizidi kilele cha kawaida cha kiangazi kwa digrii moja tu, wiki kadhaa mfululizo, huutema mwani unaoyalisha na kubaki meupe.

Siki bado naitumia, ila mwisho kabisa, na swali langu ni moja: hapa nimewadanganya wapi?