Nilivyorekodi albamu ya gitaa na kinanda chumbani kwangu Tanga, bila mwimbaji

Kila anayeisikia ananiuliza studio gani, hakuna studio jamani, ni chumba changu cha kupanga hapa Chumbageni, gitaa moja la umeme, kinanda kidogo cha kuchomeka kwenye USB ambacho chenyewe hakitoi hata sauti, laptopu ya mtumba na intafesi ya kuingizia gitaa basi. Muziki wenyewe ni ule wanaita ambienti roki, haimbi mtu, hakuna dramu za kukimbizana, gitaa linaelea juu ya kinanda na traki inaenda dakika nane tisa huko haina haraka na mtu. Ni mambo ya zamani haya, wanamuziki wa Uingereza Brian Eno na Robert Fripp walitoa albamu 1973 kwa mashine mbili za tepu, moja inarekodi gitaa, tepu inatembea mpaka mashine ya pili ndio inasomwa na sauti inarudishwa kwenye ile ya kwanza, kwaio gitaa linajirudia safu juu ya safu. Mi nimefanya hivohivo kwa dilei ya kwenye programu, yani kile kifaa cha kurudiarudia sauti baada ya muda kidogo.

Kazi kubwa haikuwa vifaa. Kazi ilikuwa gitaa na kinanda kugombania sehemu moja, yani ukisikiliza kinanda peke yake kitamu, gitaa peke yake tamu, ukiviachia pamoja unapata uji. Nikaenda kwa mjomba wangu Ngamiani, yeye kapiga gitaa la rizimu kwenye dansi ujana wake wote, na Tanga hii ndio ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, hata taarabu huku akina Black Star waliipigia gitaa la umeme na besi toka miaka ya sitini, kwaio nilijua siendi kumshangaza mtu.

"Shikamoo mjomba, hebu sikiliza hii."

"Marahaba mjomba." Kavaa hedifoni, katulia weee, afu akavua sikio moja. "Sasa hapa nani solo, nani rizimu?"

"Hamna solo mjomba, vyote vinaelea tu."

"Vielee, ila kila mtu kwake. Rizimu akishika huku chini, solo anapanda. Mkikutana palepale mnauana."

Nikarudi nikagawa mipaka kweli. Uzi wa tatu wa gitaa, ule wa G, ukibana freti ya 5 unapata C ya katikati ya kinanda, ndio nikaufanya mpaka. Kinanda hakivuki hapo kwenda juu, gitaa nalipiga kwenye nyuzi tatu nyembamba kuanzia freti hiyo kupanda. Afu kwenye ikwalaiza, ile ya kupunguza na kuongeza besi na sauti nyembamba, gitaa nikalikata besi yote isiyo na kazi, na kile ambacho watu wengi wanasahau, rivebu, yani mwangwi wa kama uko ukumbini, nayo nikaikata chini ya hezi 250 hivi (hezi ni mitikisiko kwa sekunde, ikiwa chache ndio besi), maana mwangwi wa besi ndio unaolala juu ya kila kitu ukaambiwa miksi yako ina matope. Hapo ndio nikaanza kusikia vitu viwili badala ya kimoja kinene.

Sauti ya kinanda nilitumia Surge XT, programu ya kutengeneza sauti kwenye laptopu, ni ya bure kabisa. Oseleta mbili, yani vile vyanzo vya sauti ndani yake, moja nimeishusha tune kidogo sana isilingane na mwenzie, hapo ndio inapata ule mtikisiko wa kuota ota, filta ya kupunguza ukali nimeifunga nusu, na noti nimeiambia ije taratibu kama sekunde mbili na ichelewe kuondoka. Gitaa nalo nataka lije vilevile bila ule mlio wa pluki, kiplastiki cha kupigia, kugonga uzi, na hii haihitaji pedali yoyote, unafunga volumu ya kwenye gitaa lenyewe, unapiga uzi ukiwa kimya, afu kidole kidogo kinaizungusha volumu ifunguke polepole, sauti inatoka karibu na fidla. Mwanzoni kidole kinauma, kinazoea.

Dilei usiweke kwa kubahatisha. Gawa 60,000, ndio milisekunde za dakika moja, kwa tempo, yani mapigo kwa dakika, mi tempo yangu 75 kwaio pigo moja ni milisekunde 800, nikachukua robo tatu yake, 600, majibu ya gitaa yanaangukia katikati ya mapigo na traki inatembea hata bila dramu.

Sasa umeme. Wetu ni wa hezi 50 na gitaa lenye koili mojamoja kwenye vinasa sauti vyake linaunasa wote, mmmmm nyuma ya kila noti, na kwenye muziki wa kimya kama huu huna pa kuuficha. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, zima feni na taa ya tyubu, geuka geuka na gitaa mpaka ukute upande mlio unapungua, ubaki hapohapo. Ukiijua Tanga ya Februari unaelewa kuzima feni maana yake nini 😅 na betri ya mtumba haidumu, nikawa narekodi ikiwa imejaa, ikiisha nachaji huku nasikiliza nilichorekodi. Uzuri gitaa linaingia kwa waya hakuna maiki, bodaboda na kunguru wapige kelele watakavyo. Nyuzi nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, chumvi ya bahari hapa inazila haraka.

Wakati wa kurekodi weka bafa, yani kipande cha sauti laptopu inachokusanya kabla ya kukitoa, 128, kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3 tu hausikii uchelewaji, ukija kwenye kumiksi panda 1024 laptopu ipumue.

Kuna walionishauri niweke sauti ya mawimbi ya Raskazone, nikakataa, kila mtu anaweka mawimbi.

Mwishoni sikuipandisha sauti kwa nguvu ilingane na singeli, Spotify wenyewe kwa kawaida wanasawazisha kwenye LUFS -14 hivi, LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, ukibana sana unapoteza zile sehemu za chini ambazo ndio muziki wenyewe. Anayetaka ile sauti ya kinanda niliyoitengeneza aseme nimtumie faili, ni dogo halili bando.