Nyutro na ethi kwenye boti: nilivyoelewa nikiwa Sahare

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Tanga. Boti ya kwanza kuishika ilikuwa ya shemeji yangu, ya faiba, pale Sahare. Ikiwa gatini inachomekwa umeme wa nchi kavu, volti 230. Baharini inawasha jenereta.

Kwa jenereta kila kitu kilikwenda vizuri. Tukichomeka gatini, friji ikianza tu kuvuta, breka ya uvujaji ya gatini, ile ya miliampia 30, inajikata. Nahodha akasema, "Fundi, iruke hiyo, unganisha moja kwa moja." Nikamwambia, "Hapana, nahodha. Alasiri maji yakijaa, watoto wanaoga hapa hapa."

Nikachomoa kebo, nikazima vifaa vyote, nikaweka mita kati ya waya wa bluu (nyutro, unaorudisha umeme) na wa kijani (ethi, wa usalama). Ikalia: zimeshikana. Nikafungua bodi: kipande cha waya kifupi kama kidole, kimeshaota kutu ya kijani, kimeunganisha baa ya nyutro na baa ya ethi.

Aliyekiweka hakukosea kabisa, na hapo ndipo iliponichukua siku mbili. Nyutro na ethi lazima zifungwe pamoja, ila mahali pamoja tu: kwenye chanzo. Jenereta ikiwaka, chanzo kimo botini. Bila kiungo hicho, laivu (waya unaoleta umeme) ikigusa ganda la chuma la kifaa, breka inaweza isikate. Boti ikichomekwa, chanzo kiko nchi kavu, na huko zimeshafungwa. Ukizifunga tena botini, umeme unaorudi unagawanyika: mwingine nyutro, mwingine ethi. Na ethi ya boti imeshikana na injini na propela, ambayo imo majini. Breka inaona kilichokwenda si kilichorudi, inakata. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Nikakitoa kipande kile, nikakifunga upya kwenye jenereta yenyewe. Chenjiova ya zamani (swichi ya kuchagua gati au jenereta) ilikuwa inabadilisha laivu tu, nyutro zote zimeshonwa pamoja, kwa hiyo kiungo cha jenereta kingebaki kimeshika hata gatini. Nikaweka ya kukata zote mbili, laivu na nyutro. Hii msiibanie hela.

Kabla ya kuchomeka nikapima tena, kila kitu kimezimwa. Chenjiova upande wa jenereta, mita inalia. Upande wa gati, kimya. Nahodha akachomeka kebo, friji ikaunguruma, breka ikatulia.