Kichanganuzi cha HTML hakina ruhusa ya kukataa ukurasa

Anayeandika kichanganuzi (parser) cha lugha ya programu, yaani programu inayosoma msimbo na kuupa muundo, ana haki moja kubwa: akikuta kosa, anasimama na kumwambia mwandishi arudi akarekebishe. Kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, anayetaka kuzisoma kama vivinjari vinavyozisoma hana haki hiyo. Kipe kichanganuzi mfuatano wowote wa herufi, hata ukiwa takataka tupu, lazima kitoe mti, yaani muundo unaoonyesha kipi kiko ndani ya kipi. Tena si mti wowote tu, bali uleule ambao Firefox, Chrome na Safari wangeutoa kwa herufi hizohizo. Hilo ndilo lililonivutia kwenye kazi hii, na bado linanivutia baada ya jioni nyingi za kuandika changu kwa lugha ya Rust.

Nilikihitaji kwa ajili ya programu yangu inayotoa makala safi kutoka kwenye kurasa za zamani, zile zilizoandikwa kwa mkono na watu waliosahau kufunga nusu ya tagi zao, zile alama zinazoonyesha sehemu za ukurasa. Wengi hushauri njia ya mkato: tafuta alama ya `<`, tafuta `>`, kamata kilicho katikati. Njia hiyo inakufa mara tu inapokutana na `<a title="5 > 3">`, kwa kuwa `>` iliyo ndani ya alama za nukuu haifungi tagi. Hapo hujafika kwenye maoni (maelezo yasiyoonyeshwa) wala kwenye skripti (programu ndogo zilizo ndani ya ukurasa).

Kichanganuzi cha kweli kina sehemu mbili. Ya kwanza hukata herufi kuwa vipande: tagi ya kufungulia, tagi ya kufungia, maoni, matini. Kiwango cha HTML, yaani hati rasmi ya kanuni zake, kinaieleza kama mashine yenye hali 80, na kila hali inasema ukikuta herufi fulani ufanye nini. Mfano, umesoma `<`. Ikifuata herufi ya alfabeti, hiyo ni tagi ya kufungulia. Ikifuata `/`, huenda ni ya kufungia. Ikifuata `!`, ni maoni au tamko la aina ya waraka (doctype). Ikifuata `?`, yote hadi `>` yanageuzwa kuwa maoni. Ikifuata kitu kingine, nafasi au tarakimu, basi ile `<` ilikuwa matini ya kawaida, ndiyo maana mtu akiandika `a < b` bila kujali kanuni bado anasomeka vizuri. Ushauri wangu kwa anayeanza: andika hali hizo moja baada ya nyingine kama zilivyo, kwa majina yaleyale, bila kuunganisha zinazofanana. Ukitafuta hitilafu usiku utashukuru kwamba msimbo wako na kiwango vinasomeka sambamba.

Sehemu hii ya kwanza ina kona moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya alama zinazoanza na `&`. Nyingi ni majina yanayosimama badala ya herufi fulani. Kuna majina zaidi ya 2,000, na machache kati yake, yale ya zamani, yanakubalika hata bila nukta mkato. Ukiandika `&notin;` unapata ∉. Ukiandika `&notit;` unapata ¬it; kwa sababu `&not` ni mojawapo ya yale ya zamani, na kichanganuzi huchukua jina refu kuliko yote linalolingana. Sasa fikiria kiungo chenye `?a=1&copy=2`. Kikiwa kwenye matini, `&copy` inageuka kuwa ©. Kikiwa ndani ya atributi (sifa iliyo ndani ya tagi) ya `href`, inaachwa ilivyo, kwa kuwa inafuatwa na alama ya `=`. Bila ubaguzi huo mdogo, viungo visivyohesabika vingevunjika. Nayo `&#128;` inatoa €, ingawa katika Unicode, orodha ya namba za herufi, nafasi ya 128 si alama ya euro hata kidogo. Waandishi wa zamani walitumia namba za windows-1252, jedwali la herufi la Windows, kwa hiyo namba za 128 hadi 159 zina jedwali lake la kubadilishia. Kila kanuni ya namna hii ina watu nyuma yake, waliochapisha kitu wakakiona kinafanya kazi, wakaendelea na maisha yao.

Sehemu ya pili hujenga mti. Inashikilia rundo la elementi (sehemu za ukurasa) zilizo wazi, na kila kipande kinachoingia hushughulikiwa kulingana na mahali tulipo: kabla ya kichwa, ndani ya mwili, ndani ya jedwali, ndani ya seli na kadhalika. Sehemu hizi mbili hazijatengana kabisa. Mjenzi akipokea `<textarea>` au `<script>`, anamwamuru mkataji abadili hali, na kuanzia hapo `<b>` ni herufi tatu tu hadi tagi husika ifungwe.

Chukua mstari huu, ambamo b ni herufi nene na p ni aya:

`<b>moja<p>mbili</b>tatu</p>`

Tagi zimepishana. Inapofika `</b>`, rundo lina html, body, b na p, na p bado iko wazi ndani ya b. Kichanganuzi cha haraka kingefunga p kwa nguvu, au kingeipuuza `</b>` na kuacha ukurasa wote ukiwa na herufi nene. Kiwango kinafanya jambo la tatu. Kinaitoa p ndani ya b na kuiweka chini ya body, baada ya ile b. Kinaunda b mpya, kinahamishia humo kila kilichokuwa ndani ya p, kisha kinaiweka hiyo b mpya ndani ya p. Halafu kinazunguka tena na kuifunga. Matokeo ni haya:

`<b>moja</b><p><b>mbili</b>tatu</p>`

Neno la kwanza na la pili ni manene, la tatu ni la kawaida, na aya imebaki aya. Ndivyo hasa alivyokusudia mwandishi. Algorithimu hii inaitwa wakala wa kuasili, maana watoto wanahamishiwa kwa mzazi mpya, na mizunguko yake imewekewa kikomo cha 8 ili ukurasa wa hila usiilemee programu. Niliifuata kwa penseli na karatasi, nikichora rundo kila hatua, kabla ya kuandika msimbo wake. Sijui njia nyingine ya kuielewa.

Majedwali nayo yana sheria yao. Matini iliyowekwa kati ya `</tr>` na `</table>` haina seli ya kukaa, hivyo inatolewa nje na kuwekwa kabla ya jedwali. Kama umewahi kuona sentensi imeruka juu ya jedwali na hukuelewa kwa nini, sababu ni hiyo. Na `<table>` ikitokea ndani ya `<p>` iliyo wazi, inaifunga aya hiyo, isipokuwa ukurasa hauna tamko la aina ya waraka mwanzoni. Hapo jedwali linaingia ndani ya aya, kwa heshima ya kurasa za kale.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. HTML 2.0 ya mwaka 1995 iliielezea lugha hii kama matumizi ya SGML, mfumo wa zamani wa kuelezea lugha za tagi, lakini haikusema kivinjari kifanye nini hasa kikikuta fujo. Kila mtengenezaji alibuni lake, kisha akachungulia la mwenzake. XHTML, toleo kali la HTML, ilijaribu njia ya ukali, kosa moja na ukurasa wote unagoma, lakini wachapishaji hawakuifuata. Kazi ya WHATWG, kundi lililoanzishwa mwaka 2004 na watu wa Apple, Mozilla na Opera, ilikuwa kuchunguza vivinjari vinafanya nini kweli na kuliandika hilo kuwa sheria, Ian Hickson akiwa mhariri. Mwaka 2011 Firefox 4 ilitoka na kichanganuzi kipya kinachofuata sheria hiyo, kazi ya Henri Sivonen, kilichoandikwa kwa Java na kugeuzwa kwa programu kuwa C++. Naiheshimu sana kazi hiyo. Inahitaji subira kubwa kukaa na makosa ya watu wengine na kuyaandikia maana badala ya kuyalaani.

Kama unataka kujaribu, chukua majaribio ya html5lib, maktaba ya kuchanganua HTML. Kila jaribio la ujenzi wa mti ni matini tupu: `#data` kwa ingizo, `#errors` kwa makosa, `#document` kwa mti unaotarajiwa. Andika kisoma-majaribio kabla ya kichanganuzi chenyewe.

Wapo wanaosema tofauti ndogo kwenye mti hazina madhara. Zina madhara, na usalama ndio ushahidi. Yaliyomo ndani ya `<noscript>` husomwa kama matini tupu pale skripti zinapokuwa zimewashwa, na husomwa kama tagi za kawaida zinapokuwa zimezimwa. Weka humo aya ambayo atributi yake ya `title` ina `</noscript>` ikifuatwa na tagi hatari. Kichujio cha usalama kinachosoma ukurasa kana kwamba skripti zimezimwa kinaona maandishi yasiyo na madhara ndani ya alama za nukuu, na kinayapitisha. Kivinjari cha msomaji, ambacho skripti zake zimewashwa, kinaifunga noscript palepale, na tagi ile inakuwa hai. Herufi ni zilezile, miti ni miwili, na mshambuliaji anapita katikati.

Kwa sababu hiyo kichanganuzi changu kinamlazimisha anayekiita aseme wazi kama skripti zimewashwa au zimezimwa. Wapo walioniomba niweke chaguo la kawaida ili wasilazimike kuandika hoja moja zaidi kwenye msimbo wao. Nimekataa, na nitaendelea kukataa.