Glezi si nta: nilichojifunza kwenye boneti ya Crown nyeusi

Kila nikisikia mtu anaambiwa "glezi na nta ni kitu kimoja, chukua yoyote", damu inanichemka, maana ni vitu viwili tofauti vya kupaka kwenye rangi ya gari. Maneno hayo hayo ndiyo niliyouziwa mimi hapa Moshi mjini, na yakanigharimu wateja wawili wa Desemba.

Nina Toyota Crown nyeusi ninayoikodisha kwa maharusi. Anayeijua Moshi anaijua Desemba yake: watu wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na wikiendi haipiti bila ndoa Kibosho, Machame au Marangu. Wote wanataka gari jeusi, na jeusi halifichi kitu. Langu lilikuwa limeoshwa miaka mingi kwa madodoki yenye mchanga. Likisimama juani, boneti nzima ilijaa viduara vya mikwaruzo kama utando wa buibui.

Muuzaji akanipa kopo la glezi. "Hii ni nta ya kisasa kaka, inafuta mikwaruzo yote." Nikatoa elfu thelathini na kitu, nikapaka jioni ile ile. Kusema kweli, ilipendeza. Boneti ilikuwa kama imemwagiwa maji, na kesho yake bwana harusi alitengeneza tai akijitazama kwenye mlango wangu.

Nikalipeleka kuoshwa mara mbili, sabuni ya unga kama kawaida, na utando wa buibui ukarudi wote. Juu ya hapo ndege alikuwa ameniachia kinyesi karibu na kioo. Nilipokitoa, alama ilibaki kwenye rangi. Mteja wa Machame alikuja kulitazama, akasema atanipigia. Hakupiga. Wa pili vilevile.

Glezi ni mafuta pamoja na vijazio laini sana. Vinaingia kwenye mikwaruzo midogo vinaiziba, mwanga unarudi sawasawa, jicho halioni kitu. Haikati tabaka jembamba la rangi kuondoa mikwaruzo kama polishi, na kinga yake ni kama hakuna. Nta yenyewe inalala juu ya rangi na kuikinga na maji, vumbi na kinyesi. Ile inayosifiwa zaidi, karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Jani linajipaka nta hiyo lisikaushwe na jua. Mti umejikinga wenyewe kabla hatujaipaka kwenye boneti! Ila mikwaruzo, nta inaificha kidogo tu.

Basi nikanunua nta, nikakosea tena. Niliwaza: kinga kwanza, urembo baadaye. Nikapaka nta gari zima, nikasubiri, nikaifuta, halafu nikaleta glezi juu yake. Ilikuwa inateleza tu. Kila nikisugua inajikusanya kwenye mabaka yenye ukungu, na ile mikwaruzo iko pale pale, maana nta ilishaifunika na glezi haina pa kuingia. Nilisugua mpaka saa tano usiku kwa tochi ya simu, mke wangu ananiita ndani chakula kinapoa. Asubuhi nikamwaga maji, yakatandaa baadhi ya sehemu: hapo nta yenyewe ilikuwa imeshatolewa na glezi.

Hapo nikaamua boneti yenyewe initolee jibu. Nikaiosha vizuri, nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, nikaigawa mapande matatu. La kwanza glezi peke yake, la pili nta peke yake, la tatu glezi kisha nta juu. Siku ya kwanza la kwanza na la tatu yaling'aa sawa kabisa, hata maji yalijikunja matone kidogo juu ya yote matatu. Mtu angeishia hapo angesema muuzaji yuko sahihi. Mimi nikaendelea: kila Jumamosi shampuu ya gari, halafu jagi moja la maji taratibu kutoka juu. Jumamosi ya tatu kwenye glezi tupu maji yalitandaa kama kwenye meza ya mbao. Kwenye nta yalijikunja matone ya duara na kukimbia, ila utando wa buibui ulionekana. Pande la tatu lilikuwa na vyote viwili: matone yanakimbia na mikwaruzo imelala. Nilimwita jirani yangu fundi aje aone kwa macho yake.

Tangu hapo mpangilio wangu ni huo, glezi kwanza kisha nta, na napaka saa kumi na mbili asubuhi bodi ikiwa ya baridi. Nta iwe nyembamba. Pitisha kidole, pakibaki safi bila kuvuta utelezi, ifute. Ikigusa plastiki nyeusi inaacha weupe, chukua mswaki laini na maji ya shampuu mapema. Mwenye pesa ya kopo moja tu anunue nta, hasa gari likiwa jeupe au la fedha, maana mikwaruzo yake haionekani sana. Na sabuni ya unga ibaki kwenye nguo.

Desemba iliyofuata nilipandisha bibi harusi Kibosho kwenye tope jekundu. Kurudi nikafungua mpira wa maji tu, sijashika kitambaa, na tope likashuka lenyewe kutoka mlangoni hadi chini.