Nguru wa Baba Mkwe na Inveta Iliyoogopa Giza

Haisi yetu ni mstaafu wa daladala. Nilipoinunua niling'oa viti vyote vya nyuma, nikaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi, dumu la maji la lita 40 na friza ya lita 100. Chini ya kitanda ikakaa betri moja ya volti 12, ampea-saa 200. Kilichogoma kutoka ni harufu ya abiria wa Kimara. Mke wangu anasema hiyo tutaiuza pamoja na gari.

Mbele kabisa, chini ya kiti cha abiria, fundi mmoja wa Dar alitufungia inveta ya wati 2000, ile ya kugeuza volti 12 za betri kuwa 230 za nyumbani. Kazi ilimchukua saa mbili, chai ikiwemo. Tukawasha taa, tukachaji simu, tukamshukuru.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Feri, soko la samaki la Dar. Baba mkwe anaishi Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyokatika. Samaki wa Ziwa Nyasa anawapata, ila wa bahari huwaulizia kila tukipiga simu. Tukachukua kilo kumi na mbili: nguru wawili wazima na changu kadhaa, tukawagandisha nyumbani kwa umeme wa gridi. Ijumaa mchana tukaondoka watatu, mimi, mke wangu na mdogo wake wa kiume aliyekuwa anarudi kwao likizo. Mpaka Morogoro friza ilinguruma vizuri. Tukaegesha kwenye uwanja wa nyumba moja ya wageni, milima ya Uluguru ikiwa imevaa mawingu, tukala, tukalala.

Saa nane usiku: pii, pii, pii, piiiiii. Taa nyekundu. Friza kimya.

Nikazima inveta, nikawasha tena. Ikakaa sawa kama nusu dakika, kompresa ya friza ikajaribu kuamka, ikatoa mguno mmoja, na pii zikaanza upya. Nikapima betri kwa mita yangu: volti 12.5. Hiyo ni betri iliyokaribia kushiba, haina sababu ya kulalamikiwa. Nikawasha injini nione kama alteneta, ile inayochaji betri gari likiwaka, itasaidia. Papo hapo inveta ikatulia, friza ikaanza kunguruma. Nikazima injini, ikalia. Nikabaki kwenye usukani na bukta, injini ikiunguruma, mpaka mlinzi alipokuja na tochi yake.

"Bosi, wenzako wamelala."

"Shemeji," yule kijana akasema kutoka kitandani, "hii inveta inaogopa giza."

Asubuhi tuliipeleka kwenye duka la vifaa vya sola. Jamaa alisikiliza pii mbili tu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Bodi ya ndani imekufa, akasema, nichukue mpya ya wati 3000. Hakufungua skrubu hata moja. Nusura nilipe. Kilichoniokoa ni kwamba hela iliyobaki ilikuwa ya petroli na ya kumpa mama mkwe mkononi. Tukaondoka na inveta yetu mgonjwa.

Barabara kuu ya Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 za nyasi, twiga na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Unaenda taratibu upende usipende, na mwendo wa taratibu unampa mtu nafasi ya kuwaza. Friza ilinguruma hifadhi nzima bila pii hata moja. Kama bodi imekufa, inafufuka vipi kila injini inapowaka?

Mji wa Mikumi tulielekezwa gereji moja iliyo chini ya mwarobaini. Fundi umeme wake ni mzee wa makamo ya juu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo friji inakusumbua?"

Nikamweleza. Inveta hakuisogelea hata kidogo. Aliuliza jambo moja: ikilia, injini inakuwa inawaka au imezimwa? Nilipomjibu akacheka, akamwomba mke wangu pasi.

Mke wangu husafiri na pasi. Ni mwalimu, hawezi kufika ukweni na mikunjo. Pasi yake ni ya wati 1000. Mzee alitaka mzigo mzito ambao haupandi wala kushuka, tofauti na friza inayoamka na kulala. Injini ikazimwa, pasi ikachomekwa kwenye inveta, shemeji akashika swichi. Mimi nikashika ncha za mita kwenye betri. "Washa!" Volti 12.1. "Zima!" Tukahamia mbele, ncha kwenye vichwa vya inveta yenyewe. "Washa!" Namba ikaporomoka: 11, 10.6, 10.1, pii, ikajikata.

Inveta nyingi za volti 12 hujikata zikifika karibu 10.5 ili zisiinyonye betri mpaka kuiua. Yetu ilikuwa inaona 10.1 na kufanya wajibu wake. Volti mbili nzima zilikuwa zinapotelea njiani kati ya kitanda na kiti cha mbele. Injini ikiwaka, alteneta inasukuma 14. Toa mbili za njiani, zinabaki 12, na inveta inafurahi. Giza halikuhusika, ila usiku ndio tulikuwa tunazima injini.

Mzee akaanza kuwatafuta wezi mmoja mmoja. Akaweka ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya inveta, pasi ikawashwa kwa sekunde chache: volti 0.9 zinapotea. Upande wa hasi: 1.1. Waya mzuri ungesoma karibu na sifuri. Hasi yenyewe haikuwa na waya wa kurudi kwenye betri. Yule fundi wetu wa Dar alibana athi, yaani waya wa hasi, kwenye bodi ya gari kwa bolti moja, juu ya rangi. Mzee alipoifungua, chini ya kichwa cha waya rangi ilikuwa bado inang'aa, na pembeni pana alama ya kuungua yenye ukubwa wa punje ya mtama. Umeme wote wa friza ulikuwa unapenya hapo.

Kisha akakata kipande cha ule waya mwekundu, akachomoa uzi mmoja mwembamba kama unywele, akauparuza kwa wembe na kuuinua kwenye jua. Nje ulikuwa wa rangi ya shaba. Mahali wembe ulipopita ulikuwa mweupe.

"Umeona? Aluminiamu hii, wameivisha koti la shaba."

Aluminiamu hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba, na waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 16, urefu mita nne. Pasi ya wati 1000 kwa volti 12 inavuta ampea 83, na ukihesabu zinazoliwa na inveta yenyewe unazidi 90. Waya ule ulikuwa unatoka jasho. Niliugusa, ulikuwa na joto la kikombe cha chai.

Nilidhani tatizo limeisha, nikaanza kuulizia waya mnene wa mita nane, wa kwenda na wa kurudi. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Kwa nini usiihamishe inveta?" Upande wa volti 230 pasi ile ile inavuta kama ampea nne tu. Hizo nne ndizo zisafiri mbali kwa waya wa kawaida wa nyumba; zile 90 zikae jirani na betri. Inatia aibu. Mwaka mzima niliiacha inveta mbele kwa sababu swichi yake ilikuwa karibu na mkono.

Mchomeleaji wa jirani alituuzia mita mbili za waya wa mashine ya kuchomelea, shaba tupu, mnene kama kidole. Inveta ikahamia chini ya kitanda, ubao ukaitenga na betri, tundu la hewa likatobolewa. Hasi ikaenda moja kwa moja kwenye betri. Fyuzi nayo ilihamishwa. Fundi wa Dar aliiweka pembeni ya inveta, mita nne kutoka kwenye betri. Waya ungejikuna mahali hapo katikati, hakuna ambacho kingeukata, tungeungua sisi na nguru wetu.

Pasi tena. Betri 12.1, inveta 12.0. Shemeji akanyoosha shati lake hapo hapo ili pasi isikae bure.

Tatizo likabaki changu. Nguru walikuwa chini kabisa, bado jiwe. Changu waliokaa juu walikuwa wamelegea, na samaki akishalegea kwa joto la Mikumi humrudishi kwenye barafu ukampelekea mkweo. Mke wangu akaomba kikaango kwa mama ntilie wa jirani, akawapaka chumvi na ndimu. Wakaliwa pale chini ya mwarobaini na gereji nzima. Mzee alikula wawili, na pesa ya ufundi akaipunguza bila kuombwa.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, Kitonga tukapanda nyuma ya malori kwa gia ya kwanza, Iringa tukalala na masweta. Usiku ule niliamka saa nane bila kuitwa na kitu. Friza ilikuwa inanguruma.

Jumapili jioni tulikata kushoto Uyole na kufika Tukuyu mvua ikinyesha. Baba mkwe alifungua friza mwenyewe, akamgonga nguru kwa vifundo vya vidole kama anayebisha hodi, akatabasamu. Kisha akainama zaidi, akapekua mpaka chini.

"Mwanangu aliniambia kwenye simu kuna na changu."

Mke wangu akanitazama. Shemeji akatoka nje kuangalia matairi.