Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni kwenye maji moto ya Bogoria

Saa 11:00 alfajiri

Simu yangu imelia kabla ya jogoo. Ni mama mmoja wa Nakuru tuliyepanga naye tangu Jumanne. Hata salamu hazijaisha, ananiuliza, "Kijana, ni kweli Bogoria imefungwa? Dereva amesikia hakuna njia."

Swali hili naulizwa kila wiki, na kila mara moyo unaniuma. Nimemjibu: "Mama, iliyozama ni barabara ya zamani. Maji moto yangali yanachemka, na nitawafikisha. Njooni na viatu vinavyofunika vidole, na mayai mabichi."

Siwalaumu wanaouliza. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kujaa, Baringo, Nakuru, Naivasha na hili letu, na kufikia 2020 Bogoria lilikuwa limemeza geti la Loboi pamoja na barabara iliyofuata ufuo wa magharibi mpaka kwenye chemchemi. Mwaka huohuo ikaja Korona, ndege za kutoka nje zikasimamishwa mwezi wa Machi hadi tarehe 1 Agosti. Februari 2023 serikali ikatangaza kafyu Baringo na kaunti jirani kwa sababu ya wizi wa mifugo na mauaji. Kila tulipofungwa, redio zote zilisema. Tulipofunguliwa, sikusikia hata moja ikisema. Ndiyo maana mimi mwenyewe nimekuwa redio.

Saa 12:15 asubuhi

Usiku mvua imenyesha upande wa milimani. Hapa Loboi matone machache tu, lakini nimezaliwa hapa na najua maji ya korongo hayaulizi kama kwako kumenyesha. Nimempigia askari wa hifadhi aliye zamu. Anasema korongo la pili limeshuka na maji na magogo, na njia ya juu, tunayoitumia tangu ile ya zamani izame, imezibwa kwa tawi la mgunga hadi yapungue.

Nimekunywa chai na kiporo cha ugali, nikachukua bodaboda kwenda kuwapokea njia panda, kabla hujafika Marigat. Katikati ya safari gurudumu la nyuma likaisha upepo. Mwiba wa mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kutuziba malisho. Mwiba wake unapita raba kama sindano inavyopita kitambaa. Dereva wangu hutembea na viraka na pampu, dakika ishirini tukaondoka.

Saa 2:40 asubuhi

Wamefika. Kutoka Nakuru ni kama kilomita mia moja, unapita Mogotio pale ikweta ilipo, na watoto wameshapiga picha kwenye alama. Ni mama yule, wanawe wawili, dereva, na baba yake mama, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufu ingawa jua limeanza kuuma.

Nimemsalimia mzee kwa mikono miwili. Amenijibu, kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Ndani mna picha yenye kona zilizopinda: wanafunzi wenye kaptula, mwalimu kijana pembeni, na nyuma yao mkuki wa maji meupe unaoruka juu kuliko vichwa vyao. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa kalamu ya wino, "Bogoria, 1987".

"Nataka kusimama hapa tena," akasema.

Nimeitazama ile picha muda mrefu. Nilikuwa na hakika pale mahali sasa ni ziwa, lakini sikutaka kumwambia palepale barabarani, kabla hajashuka hata kwenye gari. Nikamwambia, "Mwalimu, twende tukapatafute."

Saa 3:20 hadi saa 5:00 asubuhi

Getini tumelipa kwa simu, halafu askari akatueleza kile nilichokijua tayari: magari yangoje. Watoto wakanuna. Nikawashusha hadi ukingoni, mahali ambapo maji yamesimama katikati ya migunga iliyokufa. Miti ile ilizama ikiwa hai. Sasa ni mifupa mitupu, mieupe kuanzia kiuno kwenda chini kwa magadi, na mnandi wamekaa kwenye matawi wakianika mabawa. Nguzo kadhaa za zamani zinachungulia. Barabara niliyopita nikienda kuchunga mbuzi na baba inaanzia pale, unaiona ikiingia majini kama inateremka kuoga, basi.

Mama akaniuliza kama wenyeji tulihamishwa na mafuriko. Wapo waliohamishwa, na mashamba yamekwenda. Lakini nikamweleza kwamba sisi Waendorois tulianza kufungiwa nje ya ziwa hili zamani, kabla ya maji kupanda. Mwaka 1973 serikali ililifanya hifadhi ya wanyama na familia zetu zikaanza kuondolewa. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliacha boma lake, makaburi ya wazazi wake, na mahali pa kulambisha ng'ombe chumvi. Hadi anafariki alikuwa akilitaja kila mwamba kwa jina. Jamii ilipeleka kesi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Februari 2010 uamuzi ukatangazwa kwamba haki zetu zilivunjwa na ardhi irejeshwe. Uamuzi ule haujatimizwa wote, na mimi nausema kwa kila mgeni, kwa sababu mtu hawezi kulifurahia ziwa hili vizuri bila kujua ni ziwa la nani.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza majina ya ile miamba. Nikamtajia sita, ndiyo niliyo nayo.

Saa 5:10 asubuhi

Askari ameondoa tawi. Njia ya juu ni ya mawe makali na inapanda na kushuka. Gari la chini lisijaribu. Dereva wetu alikuwa mpole kwa klachi, na tuliona digidigi wawili na nyani wengi. Tandala wakubwa, wale wenye pembe za msokoto, hukaa huku lakini leo hawakujitokeza.

Saa 5:50 asubuhi

Loburu, penye maji moto yenyewe. Kabla ya kuona kitu unanusa, harufu ya magadi na kiberiti iliyochanganyika na majani yaliyochemshwa. Halafu unasikia. Maji hayaungurumi, yanatokota, kama sufuria kubwa ya maharage yenye kifuniko kilichokaa upande.

Hapa ndipo huwa mkali. Niliwasimamisha wote na kuwapa masharti: fuateni nyayo zangu, hakuna kukimbia, hakuna kupita mahali palipo peupe na laini hata kama panaonekana pakavu. Ile gamba nyeupe juu ni chumvi na mawe yaliyojengwa na maji yenyewe, na mahali pengine ni nyembamba kama ukoko wa ugali. Chini yake maji yana nyuzi 97 hivi. Nimeona mguu wa mbuzi uliotumbukia humo na sitasimulia. Mtoto mdogo nilimshika mkono mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Msichana mkubwa, wa darasa la saba, akauliza kwa nini si nyuzi mia kama shuleni. Swali zuri sana. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi kidogo kuliko Mombasa, kwa hiyo maji huchemka mapema. Na moto huo si wa kuni. Mvua huzama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hushuka hadi penye mawe yenye joto kali, kisha hurudi juu na chumvi za huko chini. Ndiyo maana sio ya kunywa, hata yakipoa. Yana magadi na floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia.

Mayai sasa. Natumia mfuko wa wavu wa vitunguu uliofungwa kwenye fimbo ndefu, na nina shimo langu moja nililolizoea, upana wa karai, lenye kingo za jiwe gumu. Nikayateremsha mayai kumi taratibu. Yai likigusa maji hutoa viputo vyembamba kwenye ganda, kama uzi wa shanga, halafu hutulia. Dakika kumi kwa saa ya simu. Yalipotoka yalikauka yenyewe kabla sijayaweka chini, kwa joto lake, na yakabaki na vumbi jeupe la chumvi. Mtoto mdogo alimenya la kwanza akihamisha kutoka kiganja hiki hadi kile, akila na machozi ya moto machoni, hataki kusubiri.

Saa 6:30 mchana

Mzee hakula. Alikuwa amesimama na picha yake akigeuka huku na huku.

Nilimwendea tukaishika pamoja. Nyuma ya ule mkuki wa maji, ng'ambo ya ziwa, picha inaonyesha ukuta wa Siracho, na kwenye ukingo wake kuna pengo, halafu mstari mweusi wa bonde unaoshuka. Milima haijasogea. Tukaanza kutembea polepole kando ya ufuo, hatua kumi, tunainua picha, tunalinganisha. Pengo likasogea kushoto. Hatua tano tena. Lilipokaa sawasawa juu ya bonde kama lilivyo kwenye karatasi, tulikuwa tumefika kwenye maji na mstari ulikuwa bado unaendelea mbele.

Kama hatua thelathini ndani ya ziwa maji yalikuwa yanatokota. Duara moja, pana kama meza, viputo vikipanda bila kupumzika katikati ya maji ya kijani yaliyotulia.

"Ni pale," nikamwambia.

Sisi tunaziita zote maji moto, lakini zile za kuruka ni aina yake. Bogoria ilijulikana kuwa na chemchemi za kuruka nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika. Zinaruka kwa sababu mvuke unabanwa kwenye mfereji mwembamba chini hadi unashinda uzito wa maji yaliyo juu. Ziwa lilipopanda likaziwekea mizigo miwili, uzito na ubaridi, na mvuke hauna tena nguvu ya kurusha. Moto haujazimika. Umefunikwa.

Mzee akaniuliza kama itarudi. Huwa simdanganyi mgeni ili afurahi. Nilimwambia ziwa hili limepanda na kushuka mara nyingi, miamba ya juu yetu ina alama za ufuo wa kale, kwa hiyo inaweza. Lini, sitamwahidi. Akavua kofia, akakaa kwenye jiwe, akaangalia vile viputo muda ambao watoto walimaliza mayai saba. Sikumharakisha. Kazi yangu nyingine yote ya leo ningeweza kuiacha, si hiyo.

Saa 8:15 mchana

Tumepita mahali pa flamingo, ambao Kiswahili cha vitabuni huwaita heroe. Walikuwepo mia kadhaa, mstari mwembamba wa waridi ufuoni. Zamani walijaa hadi ukashindwa kuona maji. Wanakula mwani wa kijani unaopenda maji ya magadi makali, na ziwa likijaa maji ya mvua magadi yanapungua nguvu, chakula kinapungua, wanahamia kwingine. Kinachonikosesha usingizi ni Baringo. Lile ni la maji baridi, yaani yasiyo na magadi, liko kaskazini yetu, na limepanda pia. Wataalamu walishaonya kwamba maziwa haya mawili yakizidi kukaribiana na kuungana, tutapoteza ziwa la magadi, na hilo ndilo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Saa 10:00 jioni

Kutoka. Mama amenunua chupa tatu za asali kwa akina mama wa getini, ambao leo walikuwa hawajauza kitu tangu asubuhi. Tuliagana. Mzee alinipa ile picha niipige kwa simu, mbele na nyuma.

Saa 12:30 jioni

Nimeweka picha za leo kwenye simu, watu wazione: "Loburu, leo saa sita mchana. Korongo la pili lilifunga asubuhi, likafunguka saa tano. Gari la juu linapita. Lete maji ya kunywa." Hufanya hivi kila ninapoingia, hata siku ambayo habari ni mbaya, kwa sababu mtu akijua ukweli wa leo hatakuwa na haja ya kukisia wa mwaka jana. Watu watatu wameshauliza bei.

Saa 2:00 usiku

Daftari. Nina mawe niliyoyapanga ufuoni, moja kila hatua, na kila siku naandika la mwisho lililo kavu. Leo ni la nne. Chini yake nimechora pengo la Siracho na mstari wa yule mzee, na umbali hadi kwenye viputo. Majumbani kwa majirani kuna picha nyingine za zamani, nitaanza kuziomba moja moja.

Kesho kuna wanafunzi thelathini na wawili kutoka Eldama Ravine. Nimeshamwambia dereva wa boda aje saa kumi na mbili, tukaangalie korongo kwanza.