Umepewa mkataba wa huduma badala ya ajira? Piga hesabu kwanza

Mwenye kukabidhiwa mkataba wa huduma Tanzania Bara hukimbilia kifungu cha malipo. Anza na namna utakavyofanya kazi yenyewe, maana hapo ndipo sheria inapotazama. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kina vigezo saba, na hata kimoja kikiwepo unachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo: anayekulipa anasimamia namna unavyofanya kazi, anakupangia saa, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vitendea kazi, humfanyii mtu mwingine yeyote.

Saa 45 si nyingi. Ukifanya saa nane kwa siku, unazimaliza kabla siku ya sita haijaisha. Kwa hiyo mtu anayesaini daftari la mahudhurio saa mbili asubuhi, anatumia kompyuta ya ofisi na kuomba ruhusa kwenda msibani ana hoja nzito, hata kama mkataba una ile sentensi ya herufi nzito kwamba "hauanzishi uhusiano wa ajira". Ukikatishwa kazi na unaamini ulikuwa mwajiriwa, shauri la kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakibembeleza walipwe ankara ya mwisho.

Sasa kodi. Mteja akikulipa ada ya huduma ya kitaalamu, anakata 5% ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kosa kubwa ni kudhani hiyo 5% imemaliza kazi. Ni malipo ya awali tu. Kodi yako halisi inatokana na faida ya mwaka kwa viwango vya mtu binafsi: sh. 3,240,000 za kwanza hazitozwi, kisha 8%, 20%, 25%, na 30% kwa kinachozidi sh. 12,000,000.

Chukua ada ya sh. 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka. Matumizi ya kazi yenye risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) ni 6,000,000, hivyo faida ni 18,000,000. Kodi ya 12,000,000 za kwanza ni 1,536,000. Zilizobaki 6,000,000 kwa 30% ni 1,800,000. Jumla 3,336,000. Zuio la mwaka mzima ni 1,200,000, kwa hiyo bado unadaiwa 2,136,000. Bila zile risiti, kodi ingepanda hadi 5,136,000. Risiti ya mafuta au ya bando iliyotupwa ni 30% ya thamani yake iliyotupwa.

Zuio nalo lina mtego wake. Mteja anaweza kukukata 100,000 kila mwezi asiiwasilishe, au aiwasilishe kwa TIN (namba ya mlipakodi) iliyokosewa tarakimu moja. Ukifika kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka, bila cheti cha kodi ya zuio huna cha kudai. Andika TIN kwenye kila ankara, onyesha kiasi kabla ya makato, na usipeleke ankara ya mwezi huu bila kuulizia cheti cha mwezi uliopita. Kudai vyeti 12 kwa mpigo, tena kwa mhasibu mpya asiyekujua, ni adhabu.

Kwa mwaka wa kalenda, makadirio ya kodi huwasilishwa ifikapo 31 Machi na kulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka ni kabla ya Juni 30 kuisha. Ule utaratibu rahisi wa kodi ya makisio kwa wafanyabiashara wadogo hauhusu huduma za kitaalamu, ushauri wala mafunzo, kwa hiyo usidanganywe na rafiki mwenye duka.

Bei pia. Mwajiriwa wa mshahara uleule wa 2,000,000 ana mwajiri anayechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, walau nusu ya mchango wa 20% ya mshahara, na anayelipia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ana likizo ya siku 28 yenye malipo na likizo ya ugonjwa. Wewe vyote hivyo ni vyako. Ile nusu ya mwajiri ya NSSF pekee ni 200,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja wa kupumzika ni mwezi bila ankara. Kwa maoni yangu, chini ya 2,600,000 hapo hujapandishwa daraja, umekatwa mshahara.

Kwa kuwa notisi ya kisheria ya kusitisha kazi inamlinda mwajiriwa, yako iandike mwenyewe: siku 30 pande zote mbili, na ankara kulipwa ndani ya siku 14 tangu kazi ikabidhiwe. Taja pia kwamba ada ni kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), hasa kama taaluma yako ina leseni, kama sheria au uhasibu, ambako usajili wa VAT hausubiri mauzo yafike kiwango fulani.